Mwanao Akienda Kusoma Ng'ambo

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mtoto wa Kahama, wa Kishapu au wa Nyang'hwale amepata nafasi ya kusoma nchi za nje. Zamani walikuwa wa kuhesabu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Kanda yetu ya Ziwa, alikuwa akifundisha Tabora alipoondoka mwaka 1949 kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na alirudi na shahada yake mwaka 1952. Leo vijana wetu wako China, India, Uturuki, Ujerumani na Uingereza. Wako pia wanaokwenda kwa mwaka mmoja tu, kwa mipango ya kubadilishana vijana, wakikaa katika nyumba ya familia ya wenyeji. Mpango wa Marekani uitwao Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa mwaka 2002, umewahi kuchukua wanafunzi wa sekondari kutoka Tanzania. Ule wa Kijerumani uitwao weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kuleta vijana wao huku, na tangu mwaka 2013 ukawa unapokea pia vijana wa huku kwa mwaka wa kujitolea. Milango hii hufunguliwa na kufungwa kadiri serikali zinavyobadili masharti ya visa. Kwa hiyo mzazi aulize kwanza kabla hajauza ng'ombe.

Sisi wauguzi huwaona vijana hawa mara mbili: wanapokuja kupima kabla ya safari, na wanaporudi. Tumeona kwamba familia huhangaikia pasipoti, nauli, koti na sherehe ya kuaga, na afya huachiwa ile fomu ya daktari. Wengine hutujia asubuhi ya safari yenyewe, basi la Mwanza likiwa linapiga honi, wakitaka muhuri tu. Muhuri haumkingi mtu na ugonjwa. Twapenda basi kuzungumza na wazazi na vijana wenyewe juu ya mambo ambayo hayakuandikwa kwenye fomu.

Malaria husafiri na abiria

Wengi hudhani kwamba ukipanda ndege umeiacha malaria Geita. Sivyo. Mikoa yetu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini. Mtu mzima aliyekulia hapa, akiumwa mara kwa mara tangu utotoni, hupata kinga ya kiasi fulani. Anaweza kuwa na vijidudu katika damu asijisikie mgonjwa hata kidogo. Tena toka siku ya kuumwa na mbu hadi homa kuanza huchukua wiki moja, mbili au zaidi. Kwa hiyo kijana aliyeumwa na mbu katika sherehe ya kuagwa kwake anaweza kuugua akiwa ameshafika kwa wenyeji wake. Kwa aina hii ya malaria tuliyo nayo zaidi huku, wasafiri wengi huugua ndani ya mwezi wa kwanza, na karibu wote ndani ya miezi mitatu. Wachache huchelewa zaidi ya hapo.

Sasa fikiri hali ilivyo kule. Masomo huanza Septemba au Oktoba, baridi inaingia, na kila mtu darasani ana mafua. Kijana wetu anapata homa, kichwa kinauma, viungo vinauma. Mama mwenyeji anasema ni mafua, apumzike na anywe chai. Hata daktari, ambaye pengine hajamwona mgonjwa wa malaria tangu alipokuwa chuoni, anaweza kumpa parasitamoli na kumrudisha nyumbani. Malaria kali haingoji. Ndani ya siku moja au mbili inaweza kupanda kichwani au kuharibu figo.

Hivyo kabla ya kuondoka, kijana ajifunze sentensi moja katika lugha ya nchi aendayo, aiseme hata usiku wa manane bila kutafuta maneno: "Nimetoka Tanzania, mahali penye malaria nyingi, nina homa, naomba mnipime malaria leo hii." Aiandike kwenye karatasi, nakala moja aiweke ndani ya pasipoti na nyingine ampe mama mwenyeji au mwenzake wa chumba siku ya kwanza. Kama kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu na homa inaendelea, aombe kupimwa tena kesho yake. Asimeze dawa mseto alizofungiwa na shangazi bila kupimwa, kwa sababu si kila homa ni malaria, na dawa iliyomezwa nusu humficha mdudu asionekane kwenye kipimo.

Jibu la "nzuri"

Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili haliko katika vitabu vyetu vya uuguzi, na bado tunaona ndilo linaloumiza vijana wengi.

Desturi yetu ni kujibu salamu kwa neno jema kwanza. Ukiulizwa "Habari za nyumbani?" unajibu "Nzuri," hata kama kuna mgonjwa ndani. Msukuma akisalimiwa asubuhi hujibu "mhola," yaani salama, na ndipo baadaye, baada ya kuulizana habari za watoto, ng'ombe na mvua, anasema, "Ila mama hakulala vizuri." Sisi tunaijua njia hiyo. Mwenye kusikiliza hungojea ile "ila."

Daktari wa ng'ambo haingojei. Anamwuliza kijana hali yake, kijana anasema "nzuri," naye anaandika kwamba hana tatizo. Ana dakika kumi tu, na wengine wanangoja mlangoni. Tena binti aliyelelewa vema kwetu huinamisha macho mbele ya mkubwa na kusema kwa sauti ndogo. Huku ni heshima. Kule wanaweza kudhani anaficha kitu au haelewi lugha. Kijana afundishwe kwamba mbele ya daktari anaanza na "ila": panapouma, tangu lini, na kiasi gani. Huko si kukosa adabu.

Mezani ni vivyo hivyo. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula hukataa kwanza, akabembelezwa, ndipo akala. Kule ukisema "Hapana, asante," sahani inaondolewa. Tumesikia vijana wakisimulia jinsi walivyolala na njaa wiki nzima ya kwanza katika nyumba iliyojaa chakula, huku wenyeji wakidhani mgeni wao ana tumbo dogo.

Na simu ya nyumbani ni hivyo hivyo. Mazungumzo huwa haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama."

"Unakula?"

"Nakula."

"Haya, soma kwa bidii, baba yako anakusalimia."

Hapo mama analala usingizi, na mtoto anabaki gizani. Mzazi asiulize maswali yanayojibika kwa neno moja. Aulize: Leo umekula nini? Jana ulilala saa ngapi? Wiki hii ulitembelewa na nani? Jumapili ulikuwa wapi? Mtoto aliyekaa siku nne bila kuzungumza na mtu ataonekana katika majibu hayo hata akijitahidi kuficha.

Giza na baridi

Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Katika mji wa Edinburgh, mwezi Desemba, jua huchomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri kwa saa zetu za Kiswahili. Kijana anakwenda shule gizani na kurudi gizani. Mwezi Juni mambo hugeuka: saa 4 usiku bado kweupe, naye analalamika kwamba hapati usingizi. Mwili hupima usiku na mchana kwa mwanga, na mwanga ukipotea usingizi, hamu ya kula na furaha hupungua, hata kwa wenyeji. Dawa yake ni kutoka nje kila siku wakati kuna mwanga, hata kama kuna baridi, kutembea walau nusu saa, na kuamka saa ile ile kila siku.

Kuna na jambo la ngozi. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha mifupa na misuli. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe ili kupata kiasi kile kile, na kule jua ni dogo na mwili umefunikwa. Ndiyo maana serikali ya Uingereza tangu mwaka 2016 inashauri watu wenye asili ya Afrika wanaoishi huko wafikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Vidonge hivyo huuzwa bila cheti cha daktari na bei yake si kubwa. Kijana anayesikia mifupa kuuma na miguu kuchoka asidhani ni uzembe tu.

Kuhusu baridi, koti moja zito si bora kuliko nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Kichwa, mikono na miguu vifunikwe. Ndani ya nyumba zao hewa ya joto hukausha ngozi na pua, kwa hiyo ajipake mafuta na kunywa maji hata asiposikia kiu. Na jambo moja la hatari: asiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba, iwe ni kwa kuota moto au kuchoma nyama. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Tukiwa bado kwenye saa: dawa iliyoandikwa "saa 8" kule ni saa yetu ya 2, na miadi ya daktari ya "saa 3" mchana ni saa yetu ya 9. Tunacheka, lakini mtu amewahi kukosa miadi yake kwa hesabu hiyo.

Vipimo visingoje visa

Nchi kadhaa hudai kipimo cha kifua kikuu. Uingereza, kwa mfano, humtaka Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 apimwe kabla ya kupewa visa. Sisi wa mikoa ya dhahabu tulitazame jambo hili kwa macho makali. Vumbi la mwamba huumiza mapafu ya mchimbaji na kumfungulia mlango mdudu wa kifua kikuu. Baba anayekohoa baada ya miaka mingi ya maduara huwaambukiza wanaolala naye nyumba moja. Kama nyumbani kuna aliyekuwa na kifua kikuu, au kijana mwenyewe amekohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe mara apatapo barua ya kukubaliwa. Tiba hapa nchini ni bure, lakini kwa kawaida huchukua miezi 6. Aliyegundulika Januari anaweza kupona na kusafiri Septemba. Aliyegundulika Agosti amepoteza nafasi.

Kuna vilevile kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, kile cha kudungwa mkononi na kuangaliwa baada ya siku mbili au tatu, ambacho shule nyingi za Marekani hukitumia. Kijana aliyechanjwa BCG utotoni, mwenye lile kovu begani, anaweza kuvimba mkono ingawa hana ugonjwa. Aonyeshe kovu na kuomba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na chanjo ya BCG.

Kadi ya kliniki ya mtoto isitupwe! Huenda bibi anaitunza sandukuni. Chanjo ya surua na rubella kwa pamoja ilianza nchini mwaka 2014, kwa hiyo aliyezaliwa zamani pengine alipata ya surua peke yake. Chanjo za matubwitubwi na tetekuwanga hazimo katika ratiba yetu ya taifa, na shule za ng'ambo zinaweza kuzidai. Asishangae wala kuogopa akichomwa sindano mbili tatu wiki ya kwanza.

Walioogelea malamboni Shinyanga au ziwani wapime kichocho, mkojo na choo. Dawa yake humezwa siku moja. Asipopima, atakojoa damu kule na kuzungushwa hospitali kwa miezi, kwa kuwa madaktari watatafuta mambo mengine kwanza. Atazame na meno. Bima nyingi za wanafunzi hazilipi meno, miwani, wala ugonjwa ambao mtu alikwenda nao. Uingereza mwanafunzi hulipa ada ya afya pamoja na visa, paundi 776 kwa mwaka tangu Februari 2024, na baada ya hapo anaweza kujiandikisha kwa daktari wa mtaa bila malipo. Ajiandikishe akiwa mzima. Ujerumani bima ya afya ni lazima kwa kila mwanafunzi. Namba za dharura zikaririwe: 112 katika nchi za Ulaya na Uturuki, 999 Uingereza, 911 Marekani, 120 China kwa gari la wagonjwa.

Kanda yetu ina watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Kijana wa namna hiyo anaweza kusoma ng'ambo kama wengine, ila baridi, kukosa maji mwilini na safari ndefu ya ndege humletea maumivu makali. Aende na barua ya daktari, dawa zake ziwe katika begi la mkononi, na amtafute mtaalamu wa ugonjwa huo kabla ya baridi kuanza. Hali kadhalika anayetumia ARV. Achukue dawa za miezi kadhaa na barua, ajiandikishe kliniki mapema, na asiache dawa hata siku moja kwa kuona haya mbele ya mwenzake wa chumba. Marekani iliondoa zuio lake la kuingia kwa wenye virusi vya UKIMWI mwezi Januari 2010.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Unga wa sembe hupatikana katika maduka ya Waafrika na Wahindi kwenye miji mikubwa. Asibebe nyama kavu wala maziwa kwenda Ulaya, kwani vitachukuliwa uwanja wa ndege. Na michembe ya bibi, aulize kwanza. Tumbo likijaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa mabichi ya baridi asubuhi, si sumu. Watu wazima wengi wa Afrika hawayamudu maziwa hayo, lakini mtindi, kama mgando wetu, humkalia vizuri.

Huzuni ya mwezi wa nne

Wazazi hudhani kwamba siku ngumu ni zile za kwanza. Mara nyingi si hivyo. Wiki za mwanzo kila kitu ni kipya, theluji, treni, picha za kutuma nyumbani. Ugumu huja baadaye. Mnorwe mmoja, Sverre Lysgaard, aliandika mwaka 1955 juu ya wenzake zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda kusoma na kufanya kazi Marekani. Aliona kwamba waliokaa muda mfupi na waliokaa muda mrefu walikuwa na hali nzuri kuliko wale wa katikati. Watafiti wa baadaye wameona kwamba si wote wanaopita njia hiyo, lakini sisi tunamtaja kwa sababu moja: wale walikuwa watu wa nchi ya baridi, weupe, na bado walidhoofika rohoni. Basi kijana wa Shinyanga akilia usiku, asidhani ni mshamba, wala wazazi wasiseme amekosa shukrani.

Kwa wetu kuna mzigo wa ziada. Ukoo mzima umechanga. Mjomba anataka simu, kaka anaomba mtaji wa karasha, na kila mmoja anaamini kwamba aliyeko Ulaya ana fedha. Mwanafunzi anayeishi kwa posho anaruka mlo ili atume kidogo nyumbani, au anafanya kazi usiku na kusinzia darasani. Hasemi, kwa kuwa atasema nini? Wazazi wakutanishe ndugu kabla ya safari na kuwaambia wazi kwamba mtoto amekwenda kusoma, asiombwe kitu mpaka amalize.

Upweke wa kawaida hupungua mtu akipata watu: kwaya, timu ya mpira, parokia, Watanzania wenzake, jirani wa kupika naye. Lakini kuna dalili zisizo za kungoja. Hali, halali au analala kutwa, haendi darasani, haogi, simu hapokei, au anasema kwamba bora asingekuwepo. Hizo ni dalili za ugonjwa, na zina tiba. Vyuo vingi vina washauri ambao mwanafunzi huwaona bila malipo na kwa siri. Akizungumzia kufa, mwenzake apige namba ya dharura usiku huo huo. Tunajua kwamba huku nyumbani shauri la kwanza la wengine litakuwa kwamba mtoto amerogwa kwa wivu, na mbuzi watauzwa. Mganga wa huku hatamfikia mtoto aliye Ujerumani. Mshauri aliye jengo la pili anaweza kumfikia leo.

Anaporudi

Kinga ya malaria aliyoijenga utotoni hudumu kwa kuumwa tena na tena. Akikaa ng'ambo mwaka mmoja, miwili, hupungua. Anarudi nyumbani akijiona mwenyeji, analala bila chandarua kama zamani, na malaria inampiga kama inavyompiga mgeni. Uingereza wagonjwa wengi wa malaria ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea ndugu zao, si watalii. Tumewahi kumpokea kijana aliyekuja likizo ya mwezi mmoja. Siku ya kwanza ya homa walisema ni uchovu wa ndege, ya pili wakasema ni kubadili chakula, ya nne akaletwa hajitambui. Alipona, lakini alikosa muhula mzima.

Kwa hiyo anayekuja kwa likizo fupi amwombe daktari wa kule dawa za kuzuia malaria kabla ya kupanda ndege, na azimalize kama alivyoelekezwa hata baada ya kurudi masomoni. Anayerudi moja kwa moja atundikiwe chandarua chenye dawa kitandani kwake kabla hajafika, na homa yoyote ipimwe siku ile ile. Karatasi za chanjo na vipimo alivyofanyiwa kule azilete zote, pamoja na jina la kila dawa aliyokuwa akitumia, naye azipeleke kituo cha afya wiki ya kwanza, hata kama sherehe ya kumpokea bado haijaisha.